Lori Jekundu Lenye Mlango wa Kijani

Nyumbani kwangu Kimemi, mjini Butembo, kuna rafu yenye magari thelathini na moja ya plastiki, ya kuunganisha kwa gundi. La mwisho ni lori jekundu lenye mlango mmoja wa kijani. Wageni hudhani nilifanya hivyo kwa mapambo. Ule mlango niliupaka mwenyewe mchana kweupe, dirisha likiwa wazi, nikiamini naupaka rangi nyekundu.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye leo amekaa kwenye benchi la kituo cha afya, kikombe cha maji mkononi, na kuna jambo anamficha infirmière, muuguzi wake. Mimi nilikaa kwenye benchi hilo nikificha jambo langu, na karibu linimalize.

Kazi yangu ni kupaka rangi magari. Kwa miaka ishirini nimepaka malori yanayokwenda Beni na Oicha, na kuandika juu ya vioo vyao maneno ambayo wenyewe wanayapenda. Kila nikimaliza lori nililolipenda, nalitengenezea mtoto wake nyumbani. Masanduku yake huletwa na wafanyabiashara wetu wanaosafiri China. Ndani kuna vipande vidogo vilivyoshikamana kwenye fremu za plastiki. Unavikata kwa wembe, unavisugua kwa msasa, unaviunganisha kimoja kimoja. Picha ya sandukuni siku zote ni gari la Ulaya linalong'aa, na mimi gari hilo silitaki. Nabonyeza bodi kwa sindano ya moto, nashona turubai kwa kitambaa cha mwavuli mbovu, natia vumbi la tofali mahali pa kutu. Nina sharti moja: sitengenezi lori ambalo halipo. Kama la kweli limevunjika taa ya kushoto, na la kwangu navunja taa ya kushoto. Mke wangu Kavugho, ambaye tunamwita Mama Aline kwa jina la binti yetu, husema mimi naweza kudanganya juu ya kila kitu isipokuwa malori.

Kikohozi kilianza na mvua za Septemba. Sikukijali, maana kwetu mpiga rangi asiyekohoa bado ni mwanafunzi. Oktoba nikaanza kulowesha shuka kwa jasho. Novemba nilitoboa mkanda wangu tundu jipya kwa msumari, na baada ya wiki mbili nikatoboa lingine. Mama yangu mzazi, tunayekaa naye, alinitazama shingo akasema neno moja: karuho. Hiyo ni sumu ya polepole ambayo watu wetu wanaamini mwenye wivu huitia kwenye kinywaji cha mwenzake. Mwili unaisha kidogo kidogo, kikohozi hakiponi, na hospitali, wanasema, haiwezi kuiona.

Basi tukaanza kuhesabu ni nani niliyekunywa naye. Agosti nilikuwa Oicha kulipaka rangi lori la Kambale, dereva wa kubeba kakao na rafiki yangu tangu ujana. Tulipomaliza alininunulia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na tukanywa kutoka chombo kimoja. Nikalitaja jina lake. Hakuna aliyenilazimisha, nililitaja mwenyewe.

Wiki sita nilitapishwa kwa dawa za majani. Hospitali niliiogopa. Tangu miaka ya Ebola, sisi watu wa Butembo tumebaki na hofu ya kuingia kituoni na homa na kutoka ndani ya mfuko, na hofu hiyo haikuondoka na ugonjwa wenyewe. Siku ya Noeli Kambale alikuja kunisalimu, kaleta jogoo mkubwa ndani ya kitunga, kikapu chetu. Mama yangu alimpokea kwenye mlango wa ua, akamwambia nimelala. Mimi nilikuwa macho nikimsikiliza. Jogoo yule alichinjwa akafukiwa nyuma ya choo, maana hakuna aliyethubutu kumla.

Januari nilikohoa nikaona wekundu kwenye kitambaa. Nilidhani ni rangi, maana mikono yangu haikosi nyekundu mahali fulani. Mama Aline alikinusa kile kitambaa, akavaa viatu, akaita mtu wa pikipiki. Hakumuuliza mama yangu, na mimi hakuniuliza.

Ilikuwa kifua kikuu, tena cha aina ambayo haikubali dawa mojawapo ya zile za kawaida, kwa hiyo vidonge vyangu vingekuwa vya muda mrefu. Infirmière aliitwa Katungu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa katekisimu. Alinieleza mambo ambayo yangeweza kunipata. Mkojo na machozi vitakuwa na rangi ya machungwa, nisiogope. Miguu inaweza kuuma. Kisha akaniinamia.

“Na macho. Ukiona rangi ziko nabadilika, unakuya siku ile ile. Hapana kungoya tarehe ya rendez-vous.”

Nilicheka, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nikamwambia kwamba siku mpiga rangi atakaposhindwa kujua rangi, dunia itakuwa imekwisha. Yeye hakucheka.

Benchi letu lilikuwa barazani, upande unaopita upepo. Tulikaa tukiachana nafasi, kila mtu na barakoa yake na kikombe chake, tukisubiri kumeza mbele ya Katungu. Jirani yangu alikuwa Muhindo, kijana mchimba dhahabu wa Manguredjipa. Alikuwa ameanza vidonge mara mbili na kuviacha mara mbili, maana kila alipopata nguvu alirudi shimoni. Kila wiki shati lake lilizidi kuwa kubwa. Siku moja aliniambia, “Grand, mi nilifikiri nimepona. Vidonge ukiviacha, ugonjwa unakuya na ndugu zake.” Jumatatu moja ya Aprili nafasi yake ilikuwa tupu. Katungu aliliosha benchi kwa maji ya klorini, akatuambia tusogee tujaze nafasi. Hakuna aliyesogea.

Siku hiyo niliapa moyoni kwamba vidonge vyangu sitaviacha hata siku moja, kwa sababu yoyote ile. Kiapo kizuri. Shetani aliingilia humo humo.

Nyumbani nilipewa chumba cha peke yangu chenye dirisha, sahani yangu, kijiko changu. Mama Aline alilala chumba cha pili na mtoto. Aline, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alinisomea masomo yake akisimama nje ya dirisha. Walipimwa wote. Siku ya majibu ya mtoto nilikaa na kichwa ndani ya blanketi, sikutaka kusikia hatua za mtu. Majibu yalikuwa mazuri, wakampa vidonge vya kinga tu. Mama yangu hakuomba msamaha kwa zile wiki sita. Alianza tu kunichemshia maziwa kila asubuhi.

Kazi ya karakana nilikuwa nimekatazwa. Nikaagiza sanduku jipya, nikaanza kutengeneza lori la Kambale. Nilikuwa nimemsingizia rafiki sumu ambayo haikuwepo, na sikujua nitamwambiaje. Mimi maneno hunishinda. Nilifikiri nitampa lori lake dogo, jekundu kama nilivyolipaka Oicha, na maneno yake juu ya kioo, naye ataelewa. Aprili nilimaliza kichwa na mlango wa kushoto. Mlango wa kulia ulikatika bawaba, nikauweka pembeni.

Mambo ya macho yalianza Mei, kwa unyonge. Mchuzi wa nyanya ulionekana kama wa maharage. Mwavuli mwekundu wa Katungu ulionekana umechakaa. Nikasema ni mawingu ya mvua, mwezi ule hatukuliona jua. Rangi zangu naziweka kwenye vichupa vidogo vya dawa ya sindano, na sikuwahi kuviandika majina. Kwa nini niandike wakati naona? Nikachukua kichupa, nikapaka mlango wa kulia tabaka mbili, nikaugundisha, nikaliweka lori dirishani likauke.

Mama Aline alipita uani na ndoo ya maji. Akasimama.

“Papa Aline, juu ya nini umeweka mulango ya kijani?”

Nilitazama mlango. Nikatazama lori. Kwangu mimi vyote viwili vilikuwa rangi ya matope. Kabla sijafikiri mdomo ulikuwa umeshasema: mlango wa Kambale ulibondwa kule Oicha, amefunga mwingine wa lori lililokufa. Ulikuwa uongo mzuri. Kwetu malori huazimana viungo, na lori moja linaweza kutembea na uso wa malori matatu. Naye alijua sharti langu. “Ah bon,” akasema, akaendelea na ndoo yake.

Nataka nikueleze hesabu niliyoifanya, kwa sababu huenda nawe unaifanya. Nilijiambia kwamba nikisema, watanikatia vidonge. Wakinikatia vidonge, nitafuata njia ya Muhindo. Nisiposema, nitakuwa kipofu, lakini baba kipofu aliye hai ni bora kuliko baba mwenye macho aliye kaburini. Niliona hesabu imetimia. Sikumuuliza mtu. Mficha maradhi kilio humuumbua, nimeusikia usemi huo tangu utotoni, na niliudhani unawahusu wajinga.

Hofu ile nisikudanganye, sijawahi kupata mfano wake, hata barabara ya Beni, inayoviziwa na watu wenye bunduki, haijanitia hofu hiyo. Kila asubuhi nilifunika jicho moja, halafu jingine. Katikati ya ukurasa herufi zilikuwa zinafifia, kama mtu amepitisha kidole chenye maji. Nilianza kujifunza uso wa Aline. Alipokuwa akisoma dirishani nilipita juu ya nyusi zake, pua, lile kovu dogo la kidevuni, nikirudia rudia kama somo la mtihani. Aliniuliza kwa nini namtazama vile. Nikamwambia amekosea hesabu ya tatu.

Kila mwezi Katungu alitupima macho kwa alichokuwa nacho. Alinyanyua daftari lake kubwa, kisha kitambaa cha mezani. Daftari nalijua ni jekundu tangu Januari, na kitambaa ni cha kijani. Nikajibu haraka, hata kwa dharau kidogo. “Bien,” akaandika. Nilitoka pale nimefaulu.

Mvua zikakatika, vumbi la Juni likaingia. Dada yangu mkubwa anayekaa Beni alikuwa ametutumia bidoni ya mawese, na kwa wiki nyingi haikufika kwa sababu ya usalama. Siku moja akapiga simu: njia imefunguka, mzigo uko kwa Kambale. Mama Aline akaenda mwenyewe kwenye maegesho ya malori kuuchukua.

Alirudi mikono mitupu, mawese ameyasahau huko huko. Aliingia moja kwa moja chumbani mwangu, akalichukua lori dirishani, akaketi kitandani nalo mapajani.

“Nimetoka kwa Kambale,” akasema. “Milango yake yote mbili iko nyekundu. Nimemuuliza kama alishabadilisha mulango, akasema hata siku moja.”

Nikaanza kutafuta uongo wa pili. Hakunipa nafasi.

“We hapana kudanganyaka juu ya camion. Donc hii haiko uongo ya camion. Iko uongo ya macho.”

Alichukua vichupa viwili mezani, akavinyanyua usoni pangu, akaniuliza kila kimoja ni rangi gani. Cha kwanza nikabahatisha, nikasema nyekundu. Cha pili nikashindwa hata kubahatisha. Nililia. Machozi yangu yalikuwa bado ya rangi ya machungwa kwa ajili ya dawa, yakadondokea shuka jeupe. Yeye aliyaona, mimi sikuona alama yoyote. Nikamwambia yote: Muhindo, kiapo, daftari la Katungu, hesabu yangu ya kipofu na kaburi.

Nilitegemea anihurumie. Alikasirika. Sijawahi kumwona vile, na hakupandisha sauti.

“Unafikiri mi nalalaka? Tangu Januari nasikilizaka kifua yako kwenye ukuta, kila usiku. Nahesabu namna unakohoa. Na we unanificha macho yako.” Akalirudisha lori dirishani. “Vaa viatu.”

Kituoni Mama Aline alimweleza Katungu yote, naye pia hakugomba. Aliuliza tu kama ni kweli daftari lake nilikuwa nimelishika kwa kichwa. Nikasema ndiyo. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu, akampigia daktari simu. Kisha akamwaga vidonge vyangu vya siku ile kwenye kiganja chake, akatenga kimoja kwa kidole.

“Ni hii moja, Papa. Hii moja tu njo inagusaka macho. Tunaitosha. Ingine yote inaendelea.”

Soma tena maneno hayo, wewe wa kwenye benchi. Wiki tano niliogopa kuchagua kati ya macho na mapafu, na hakuna mtu aliyekuwa ameniomba nichague. Kidonge kimoja kilitolewa, kingine kikaja mahali pake. Ilichukua muda wa kunywa chai.

Lakini macho hayakurudi siku ile. Daktari wa macho niliyetumwa kwake alikuwa Beni, na Kambale akasema atanipeleka. Nilipanda upande wa kulia, nikaufunga ule mlango wake ambao kwangu ulikuwa wa rangi ya udongo. Tulikuwa kwenye msafara, askari mbele, askari nyuma. Tulipofika sehemu ambayo magari hayasimami, Kambale alipunguza sauti ya redio.

“Angalia pori upande wako. Mi naangalia upande wangu,” akasema.

Nikaangalia. Msitu wote ulikuwa ukungu wa rangi moja. Mtu angeweza kusimama pale na bunduki nisimwone. Niliogopa kwa ajili yangu na kwa ajili yake, ambaye alikuwa anayategemea macho yale. Nikaona siwezi kuongeza uongo mwingine. Nikamwambia sioni kitu. Halafu, kwa kuwa mdomo ulikuwa umefunguka, nikamwambia habari ya karuho, kwamba jina lake nililitaja mimi.

Alizima redio kabisa.

“Nilijua,” akasema. “Jogoo yangu hapana mutu aliikula. Mama yako hakunirudishia hata kitunga.” Kwetu anayeletewa zawadi ndani ya kitunga hakirudishi kitupu, hutia chochote, hata viazi viwili. Kitunga cha Kambale kilikuwa kimebaki kwetu tangu Noeli, na mimi sikukikumbuka. “Mais uko hai,” akaongeza. “Nitaangalia pande zote mbili.”

Mbele ya chumba cha daktari nilisubiri tangu asubuhi hadi saa nane mchana, kati ya wazee wenye mtoto wa jicho. Alinitia matone, akachungulia kwa taa, akasema mshipa wa jicho umechoka. Unaweza kurudi, unaweza usirudi. On va attendre, yaani tutangoja. Maneno hayo matatu yalinikalisha kitandani kwa dada yangu siku nzima, nimegeukia ukuta.

Julai hakuna kitu. Agosti herufi zilirudi kidogo upande wa kushoto, rangi bado. Mvua za Septemba zikaanza, zikanikuta napumua vizuri na kuona matope tupu. Nilinenepa. Watu walinipongeza njiani, nami niliwachukia kidogo kwa pongezi zao.

Oktoba, asubuhi moja, nilikuwa nimekaa uani. Kambale alikuwa amepita akaacha jogoo, na jogoo alikuwa amefungwa mguu kwenye nguzo ya jiko. Akageuza kichwa. Nikaona ile nyama yake ya kichwani. Sikuelewa kwa nini naitazama sana, mpaka nilipojua kwamba ilikuwa nyekundu. Nilimwita mke wangu kwa sauti iliyomfanya aangushe sufuria. Jogoo huyo tulimla wote, mama yangu akachukua paja. Kitunga tulikirudisha kwa Kambale, chenye mayai.

Kidonge cha mwisho nilikimeza Novemba mbele ya Katungu. Hakukuwa na sherehe. Alifunga ukurasa wangu, akaita mgonjwa mwingine. Jicho langu la kushoto limerudi. La kulia limerudi robo tatu, na daktari hajaniahidi zaidi. Nimemtengenezea Kambale lori jingine, milango yote miwili myekundu, na vichupa vyangu sasa vina majina ya rangi kwa mwandiko wa Mama Aline. Lile la kwanza nilitaka kulipaka upya. Yeye alikataa, akaliweka kwenye rafu mkabala na kitanda chetu.

Kila asubuhi, kabla ya salamu, ananifunika jicho la kushoto kwa kiganja chake na kuuliza, “Mulango?” Nami najibu kwa jicho bovu, “Kijani.” Ndipo anaamka kuwasha moto.

Mimi ni mtu wa utani. Asubuhi moja ya Januari aliuliza, nikajibu, “Nyekundu.” Nilitegemea anipige na mto. Kiganja chake kilibaki usoni pangu, kisha ukaja mlio mdogo ambao sikuwahi kuusikia kwake, hata siku ya damu, hata siku ya vichupa. Nilimwambia mara kumi kwamba natania. Ilibidi nitaje rangi ya kila kitu kilichokuwa chumbani, shuka, sanduku, sketi ya Aline msumarini, mpaka alipokiondoa kiganja chake.

Tangu hapo simtanii kwa jambo hilo. Anauliza, nami najibu nilichokiona.